Jinsi ya Kumfundisha Haski Mchanga Arudi Anapoitwa Akiwa Bila Kamba

Haski, mbwa wa asili ya Siberia, akiwa na miezi mitatu au minne humdanganya mmiliki wake. Anakuandama uani kutwa nzima, ukimwita anakuja, usipomwita anakuja vilevile, nawe unawaambia wageni kwamba huyu amezaliwa ana adabu. Ngoja afikishe miezi minane. Siku geti limeachwa wazi na kuku wa jirani akapita mbele yake ndipo utakapojua kama ulimfundisha kitu, au alikuwa tu mtoto anayeogopa kubaki peke yake.

Mwongozo huu ni wa mwenye haski wa kati ya miezi mitatu na mwaka mmoja na nusu. Mengi yaliyomo yatamfaa mbwa yeyote, lakini haski ana mambo yake, na ni hayo yanayofanya mafunzo ya kawaida yagonge mwamba.

Mbwa uliyenaye alifanywa kwa kazi gani

Haski wa Siberia ametokana na mbwa wa Wachukchi, watu wa kaskazini-mashariki kabisa mwa Siberia, waliowatumia kuvuta sileji, yaani vigari visivyo na magurudumu vinavyoteleza juu ya theluji. Mwanzoni mwa karne ya 20 mbwa hao walivushwa hadi Alaska kushiriki mbio za sileji za mji wa Nome. Mwaka 1925 dondakoo ilipozuka Nome, madereva wa sileji walipokezana dawa kwenye baridi kali mpaka ikafika. Leonhard Seppala na mbwa wake kiongozi, Togo, ndio walioshika kipande kirefu na cha hatari kuliko vyote. Miaka mitano baadaye, 1930, American Kennel Club, chama cha Marekani kinachosajili aina za mbwa, ikamtambua haski rasmi.

Angalia sasa kazi yenyewe. Mbwa amefungwa mbele, binadamu yuko nyuma, na wote wanakwenda mbele kwa saa nyingi. Mbwa mchunga kondoo alichaguliwa, kizazi baada ya kizazi, kwa sifa ya kugeuka kumtazama bwana wake. Haski alichaguliwa kwa sifa ya kutogeuka. Madereva wa sileji wana sheria wanayomfundisha mgeni kabla ya nyingine zote: usiiachie sileji. Ukianguka ukaiachia, mbwa wataendelea na safari bila wewe, na kwa maoni yao hawajafanya kosa lolote.

Kwa hiyo usitegemee utii. Haski atarudi kwa sababu moja tu, kwamba kurudi kumekuwa mazoea yanayomlipa zaidi ya kuondoka. Kila unapomwita akaja akapata kitu, mazoea hayo yanaongezeka. Kila unapomwita akakupuuza, akaenda kunusa alichotaka, amelipwa kwa kukupuuza. Kanuni inayobeba hatua zote zilizo hapa chini ni hii: usimwite mahali ambapo huwezi kushinda.

Vyama vingi vya wafugaji wa haski Ulaya na Marekani hushauri asifunguliwe kamba kabisa mahali pasipo na uzio. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mafunzo haya hayamgeuzi kuwa mbwa wa kutembea huru kando ya barabara ya lami. Yanakupa mbwa wa kukimbia huru ndani ya eneo lililozungushwa, na anayekupa nafasi nzuri ya kumpata siku akichomoka.

Vifaa

Unahitaji kamba ndefu ya mita 10, na baadaye ya mita 15 ukiipata. Iwe utepe mpana wa nailoni au wa plastiki laini usionyonya maji. Kamba nyembamba itakuchana viganja. Zile zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio hazifai hapa, kwa sababu zinamfundisha mbwa kwamba akivuta anapata nafasi zaidi. Ukikosa dukani, nunua utepe wa kufungia mizigo, mpelekee fundi viatu ashone kulabu imara upande mmoja. Usishone kishikio upande wa pili, maana kishikio hunasa kwenye visiki na mawe.

Kamba hiyo ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si kwenye kola. Haski dume mkubwa hufika kilo 27, na akifika mwisho wa mita 10 kwa kasi, shingo yake ndiyo itakayopokea pigo. Kola ibaki kwa ajili ya kibati chenye namba yako ya simu. Ongeza glavu, kifuko cha kiunoni na filimbi. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa na muda. Huku kwetu mbwa aliyefunguliwa huogopwa hata akiwa mpole, na huyu ana sura ya mbwa mwitu na macho ya bluu. Watu wataokota mawe kwanza.

Halafu chakula. Mkono mtupu haulambwi, na haski si mlafi kama Labrado. Wengi wao hula kwa kuchagua na huweza kukitazama kipande cha biskuti kavu kama tusi. Maini ya ng'ombe yaliyochemshwa bila chumvi, yakakaushwa kidogo juu ya sufuria na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, ndiyo mfalme wa kazi hii. Dagaa wakavu wasiotiwa chumvi wanamfuatia kwa karibu, na harufu yao inafika mbali. Epuka nyama choma yenye chumvi na viungo, vitunguu, chokoleti, zabibu na mifupa iliyopikwa. Siagi ya karanga soma lebo yake kwanza: ikiwa na zailitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa. Fundisha kabla ya mlo, si baada yake, kisha punguza kwenye bakuli la jioni kiasi alichokula mazoezini.

Hatua ya kwanza: neno lisilo na historia

Nyumba nyingi "njoo" huambiwa kila mtu siku nzima, na jina la mbwa limetumika kumkemea mara zisizohesabika. Chagua sauti mpya. "Hapa!" inafaa, kwa kuwa ni fupi na inapaa. Wote nyumbani waitumie hiyo hiyo, dada wa kazi na mlinzi wa geti wakiwemo. Mtu mmoja akisema "kuja", mwingine "rudi", umerudi mwanzo.

Wiki ya kwanza neno hili halimwamrishi chochote. Mbwa amesimama karibu nawe, unasema "Hapa!", unampa ini papo hapo. Hata kama anatazama pembeni, mpe. Rudia mara tano au sita, pumzika, rudia tena jioni. Ukiona unapolitamka shingo inageuka haraka kabla mkono haujafika kifukoni, neno limeingia.

Hatua ya pili: ndani na uani

Watu wawili wakae pande mbili za sebule, kila mmoja na vipande vyake. Mmoja aite mara moja, mbwa aje, ale, kisha mwingine aite. Watoto wanaupenda mchezo huu, na mbwa naye. Polepole ongezeni umbali: sebuleni na jikoni, kisha uani, kisha mmoja ajifiche nyuma ya tangi la maji.

Hapa kuna tendo ambalo wengi huliruka. Kabla ya kumpa kipande, ishike kola yake. Shika, mpe, achia. Haski wengi hurudi vizuri mpaka hatua mbili kutoka kwako, halafu wanaanza kucheza "nishike kama unaweza". Hilo hutokea kwa sababu mkono kwenye kola umekuwa na maana ya kufungwa na kwenda nyumbani. Mkono ukija na ini kila siku, atakuletea shingo mwenyewe.

Na usimwite kwa ajili ya mambo asiyoyapenda. Kuoga, dawa ya kupe, kukatwa kucha, kufungiwa bandani: hayo mwendee alipo umchukue.

Hatua ya tatu: kamba ndefu

Hatua hii itachukua miezi, na ndiyo inayowashinda watu, kwa sababu haina mbwembwe. Tafuta uwanja mtulivu alfajiri. Usizungushe kamba mkononi wala kwenye kifundo; haski akichomoka, vidole vitavunjika. Ishike kwa glavu, iliyobaki iburuzwe chini. Fundo moja kila baada ya mita mbili hukusaidia kuikanyaga na kuisimamisha bila kuteleza. Mtoto asiishike kabisa.

Mwache anuse. Usimwite dakika za mwanzo, kwa sababu dunia bado ni mpya na wewe umeshazoeleka. Kwanza mlipe kwa kile anachokifanya bila kuombwa: akiinua kichwa na kukutazama, hata kwa nusu sekunde, sema "Ndiyo!" na mpe. Akija mwenyewe kukuangalia, mpe mara mbili. Mbwa mwenye tabia ya kukukagua kila baada ya muda ni nusu ya kazi yote, na tabia hiyo hainunuliwi kwa kuita.

Kisha subiri nafasi. Yuko mita sita, pua iko kwenye shina la mti, amekuwa hapo kitambo. Sikio moja linazunguka kuelekea kwako. Pua inanyanyuka kidogo. Hapo ndipo unaita, mara moja, kwa sauti ya furaha: "Hapa!" Kichwa kikianza tu kugeuka, sema "Ndiyo!" na urudi kinyumenyume kwa hatua za haraka. Haski anapenda kinachokimbia. Ukimkimbilia wewe anakimbia, ukimkimbia anakufuata. Akifika, chakula kitoke karibu kabisa na miguu yako, si mkono ulionyooshwa mbele. Shika kola, mpe vipande vitatu kimoja kimoja, kisha mwambie "Haya, nenda!" na umwachie arudi kwenye ule mti.

Hilo la mwisho ndilo linalomjenga. Ikiwa mara tisa kati ya kumi kuitwa kunafuatwa na ruhusa ya kuondoka tena, neno lako halitakuwa tangazo la mwisho wa raha. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani David Premack alionyesha kwamba tendo ambalo kiumbe hulipenda zaidi linaweza kutumika kama malipo ya tendo asilolipenda sana. Kwa haski, kukimbia na kunusa vina thamani kuliko ini, kwa hiyo usimpimie chakula tu. Mlipe kwa mbio pamoja nawe, au kwa kipande cha ngozi ulichokifunga kwenye kamba akifukuze.

Asipokuja, usirudie neno. Ukiita mara tano, unamfundisha kwamba nne za kwanza ni za bure. Nyamaza, hesabu hadi tatu kimoyomoyo, kisha shika kamba na umfuate ukiikusanya kidogo kidogo bila kuizungusha mkononi, bila kuivuta kwa nguvu wala kufoka, mpaka umfikie. Mwonyeshe kipande puani, rudi naye hatua chache, mpe kimoja. Halafu jiulize mlikuwa mbali kiasi gani, kulikuwa na nini, na ufanye jaribio linalofuata liwe rahisi. Zoezi la dakika kumi linatosha. Ondokeni akiwa bado anataka.

Vishawishi, kuku wakiwa juu ya orodha

Andika orodha ya vinavyomvuta, kuanzia dhaifu hadi kikali. Kwa wengi huwa hivi: mtu anapita, mbwa mwingine ng'ambo ya barabara, watoto wenye mpira, bodaboda, mbuzi, paka, kuku. Anza na cha kwanza kikiwa mbali sana. Mbwa akiweza kula na kukutazama huku anakiona, umbali ni sawa. Akikataa ini alilolililia nyumbani, mko karibu mno. Rudini nyuma, usiite.

Jifunze kuusoma uso wake. Kabla ya kuchomoka, haski aliyekuwa akihema kwa mdomo wazi huufunga ghafla. Ulimi unapotea. Masikio yote mawili yanaelekea mbele, mkia unasimama, uzito unahamia miguu ya mbele. Una sekunde moja, pengine mbili. Ukiita hapo una nafasi. Akishapiga hatua tatu kuelekea kwa kuku, neno lako ni kelele tu na unaliharibu, kanyaga kamba. Na usimwache hata siku moja afukuze kuku "kwa mchezo". Kila mbio kama hiyo humpa raha ambayo ini halitaifikia, na mfugaji aliyepoteza kuku ana haki ya kukasirika.

Miezi ya ujana

Kati ya miezi sita na kumi na minane utadhani umepewa mbwa mwingine. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha utafiti uliofuatilia mbwa waliokuwa wakilelewa kuwa waongozaji wa vipofu: wakiwa na miezi minane walikuwa wazito kumtii mlezi wao kuliko walipokuwa na miezi mitano, ilhali mtu mgeni walimtii. Kwa hiyo si chuki wala kiburi, ni umri. Rudi kwenye kamba ndefu, rudi kwenye masafa mafupi, ongeza thamani ya chakula. Jike akiwa kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, asifunguliwe kamba popote. Kuhasi zungumza na daktari wa mifugo, ila usitarajie kisu kikufanyie kazi ya mafunzo.

Katika kipindi hiki ndipo mtu hushauriwa kununua kola ya umeme. Wales waliipiga marufuku mwaka 2010, na mimi siitaki. Mbwa aliyepigwa shoti akimtazama mtoto anaweza kuamini kwamba mtoto ndiye aliyemchoma. Tatizo la kurudi umelibadilisha kuwa tatizo la kuuma.

Kufungua kamba

Kipimo si tarehe. Kipimo ni kwamba katika maeneo kadhaa tofauti anakuja kwa mwito wa kwanza karibu kila mara, na hukumbuki lini kamba iliponyooka kwa kuvutwa. Ukifika hapo, tafuta eneo lenye ukuta au uzio: uwanja wa tenisi, ploti iliyozungushwa, ua wa shule wakati wa likizo ukiwa na ruhusa. Zunguka kwanza peke yako ukague chini ya uzio na pembeni mwa geti. Haski huchimba, na uzio wa kimo cha kifua huuruka au kuukwea. Urefu wa mita 1.8 ndio wa kuanzia.

Mtembeze kwanza ili nguvu zake za asubuhi zipungue. Ndani, mwachie aiburuze kamba yote bila kuishika. Siku nyingine tumia kipande cha mita mbili. Baadaye usiwe na kamba kabisa. Ita mara chache tu, ukilipa kitajiri, na katikati mwite umfunge kamba, mpe, mfungue tena, ili mlio wa kulabu usimwambie kwamba mchezo umekwisha.

Hali ya hewa nayo ina neno. Limuru au Njombe, kwenye baridi, mna nafasi pana. Mombasa na Dar es Salaam fanyeni kabla jua halijapanda, na kwa muda mfupi. Akihema kwa fujo, mate yakawa mazito, fizi zikawa nyekundu sana au akaanza kupepesuka, simamisheni kila kitu, mtieni maji ya kawaida mwilini, mpelekeni kwa daktari. Msimnyoe manyoya kwa kudhani mnampoza. Koti lake humkinga na jua pia. Mkitoka kwenye nyasi, kagueni kupe masikioni na katikati ya vidole.

Filimbi ya dharura

Huu ni mwito wa pili, unaojengwa pembeni na kutumika kwa nadra. Milio mitatu mifupi, kisha karamu: kiganja kizima cha kuku na maini, kipande kimoja kimoja kwa nusu dakika nzima, huku ukimsifu. Fanya mara moja au mbili kwa wiki, akiwa karibu, kisha mbali, kisha akiwa na kishawishi kidogo. Isitumike kumwita kula kawaida wala kumwingiza ndani. Ikilia, lazima kitu kikubwa kifuate.

Akichomoka

Usimkimbize. Ana mapafu ya kuvuta sileji na wewe huna. Piga filimbi mara moja, geuka, kimbia upande mwingine ukipiga kelele za furaha. Akisimama kukutazama, chuchumaa ukiwa umempa ubavu, jifanye unachimbua kitu ardhini. Haski wengi hushindwa kuvumilia kutojua umepata nini. Kama anapenda gari, fungua mlango uketi. Kama una mbwa mwingine anayempenda, mlete akiwa kwenye kamba. Akipotea machoni, acha nguo uliyoivaa pale alipoondokea, mtu mmoja abaki hapo, wengine waulize njiani na kwenye maduka.

Akirudi, mpe chakula. Hata kama ana manyoya ya kuku mdomoni. Ukimpiga, hataunganisha kipigo na kuku. Ataunganisha na kukufikia wewe, na safari ijayo atasimama mita kumi akikuangalia. Kuku nenda kamlipe jirani siku hiyo hiyo.

Kuendelea

Baada ya mwaka unaweza kupunguza chakula, ila usikiondoe. Mara mpe kimoja, mara vitano, mara mbio, mara ruhusa ya kunusa. Asijue leo ni zamu ya nini. Mazoezi mafupi ya kamba ndefu yabaki mara moja kwa wiki, hasa baada ya likizo au mkihamia mtaa mpya, maana mbwa huona mahali papya kama somo jipya. Na kuna mahali ambapo kulabu haifunguliwi hata akiwa hodari namna gani: karibu na barabara, penye mifugo, kwenye njia za msituni kama Karura, Nairobi, ambako sheria yenyewe inataka mbwa awe kwenye kamba, na usiku wa fataki, ambapo hata haski aliyefundishwa vizuri hukimbia bila kusikia chochote.